Usikubali "Hapana" Isiyo na Sababu

(Haya ni mazungumzo yetu na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Timau na vijiji vya karibu. Wengi waliomba yaandikwe ili wayasome tena nyumbani na katika mikutano ya vikundi vyao.)

Asanteni kwa kuacha viazi shambani mkaja kutusikiliza. Tunajua wengine mmetembea kutoka mbali, na baridi ya asubuhi hapa kwetu chini ya mlima mnaijua wenyewe.

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tumekuja kuzungumza juu ya neno moja dogo, "hapana". Familia ina mtu mwenye ulemavu mkubwa. Imeomba msaada wa serikali. Imeambiwa hapana, au jina halikutokea kwenye orodha, au malipo yaliyokuwa yakija yamekatika ghafla. Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema, "Serikali imekataa, sisi ni akina nani?" Halafu tunanyamaza. Tunataka kuwaonyesha kwamba kunyamaza siyo lazima, na kwamba kupiga kelele pia hakusaidii. Kuna njia ya katikati, nayo ina hatua zake.

Mama mmoja na vijana wake

Katika kijiji kimoja cha upande huu kuna mjane ambaye tutamwita Mama tu. Ana vijana wawili. Mkubwa anafanya vibarua katika mashamba ya ngano na viazi. Mdogo ana miaka 23, na tangu kuzaliwa ana mtindio wa ubongo. Hatembei, mikono yake haimtii, na maneno yake yanaeleweka na mama yake na kaka yake peke yao. Lakini akili yake ni nzima. Anasikia kila kitu, na mzaha ukitolewa yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Siku ya kujazwa fomu za maswali nyumba kwa nyumba, Mama alikuwa ameambiwa mapema kwamba wageni watakuja. Akaamka saa kumi usiku. Akapasha maji, akamwosha kijana, akamvalisha shati safi, akamketisha nje penye jua. Akafagia uwanja. Wageni wakapewa chai. Wakauliza, "Anaweza kula mwenyewe?" Mama akajibu, "Anaweza, tukimsaidia." Ikaandikwa: anaweza. Wakauliza, "Mna ng'ombe?" Akajibu, "Tunaye mmoja wa gredi." Ikaandikwa: ng'ombe mmoja wa gredi.

Basi tuone. Mama hakusema uongo. Lakini yule ng'ombe alikuwa wa kikundi. Kikundi chao kilinunua mtamba, wanachama wanamtunza kwa zamu, na pesa ya maziwa inalipa deni la kikundi. Zamu ile ilikuwa ya Mama. Na kuhusu kula, kijana hawezi kushika kijiko. Anayekula ni yeye, lakini mkono ni wa mama yake. Mama alisema "anaweza" kwa sababu hakutaka kumsema mwanawe vibaya mbele ya wageni, na mwenyewe ameketi pale anasikia.

Orodha ilipotoka, jina la kijana halikuwemo.

Aliyekuja kwetu ni yule kaka mkubwa, akiwa na hasira. Na sisi tunakiri kwenu, tulishika hasira ile ile. Tulipanda matatu siku hiyo hiyo, bila barua, bila karatasi hata moja, tukaenda kugombana. Afisa akatuuliza kwa upole, "Mnapinga uamuzi gani hasa, na kwa sababu gani?" Hatukuwa na jibu la maana. Tulipoteza siku nzima na nauli ya watu wawili. Kaka yule alipoteza pia kibarua cha siku hiyo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na sisi tulilijua neno hilo tangu shule ya msingi. Kulijua ni kitu kimoja, kulifuata ni kingine.

Tangu siku ile tulianza kujifunza haya tunayowaambia.

Kwanza, jueni mlango mliobisha

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Jambo la kwanza ni kuandikishwa kuwa mtu mwenye ulemavu. Hapo mtu hupimwa na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, fomu yake inajazwa na kutiwa sahihi, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu linampa kitambulisho. Baraza hili lilitokana na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, na mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya zamani.

Jambo la pili ni pesa. Mpango wa kuwapa pesa watu wenye ulemavu mkubwa ulianza mwaka 2011, na sasa uko chini ya jina Inua Jamii pamoja na ule wa wazee na ule wa mayatima. Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango huu ni wa nyumba maskini sana yenye mtu ambaye hawezi kukaa bila mtu wa kumtunza wakati wote: kumlisha, kumpeleka choo, kumwosha, kumlinda asiumie. Pesa hupokewa na mlezi kwa niaba yake.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kitambulisho cha ulemavu na asipate pesa. Kitambulisho hakileti pesa chenyewe. Kama umekataliwa, uliza: nimekataliwa wapi? Ni madaktari waliosema ulemavu si mkubwa? Ni fomu ya hali ya nyumba iliyosema sisi si maskini? Au tulikuwa tunalipwa na jina likatolewa, labda kwa sababu mlezi wa zamani amefariki, au nambari ya kitambulisho iliandikwa vibaya, au hatukufika siku ya kuhakikiwa? Kila kosa lina dawa yake. Huwezi kutibu tumbo kwa dawa ya macho.

Katiba iko upande wenu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina vifungu ambavyo kila kikundi kinafaa kuvijua kwa nambari. Kifungu cha 43 kinasema serikali itawapa msaada wa kijamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa majina ya kumdharau. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ya serikali uwe wa haki na ufanywe kwa wakati, na kama unaumiza haki ya mtu, basi apewe sababu kwa maandishi. Na kwa wale wanaouliza, "Mimi ni kaka tu, nitasema kwa niaba yake vipi?", Kifungu cha 22 kinakubali mtu aende mahakamani kutetea haki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kufanya hivyo mwenyewe. Kama mahakama inakubali, ofisini hamna haja ya kuogopa.

Tena kuna Sheria ya Utendaji wa Haki wa Utawala ya mwaka 2015. Hiyo inasema ukiomba sababu, ofisi inatakiwa kukujibu kwa maandishi ndani ya miezi mitatu. Isipokupa sababu, na shauri likafika mahakamani, mahakama huanza kwa kuchukulia kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vingine. Mnaona uzito wa karatasi moja ya kuomba sababu?

Hatua tano

Hatua ya kwanza ni kuomba sababu kwa maandishi. Kuuliza kwa mdomo dirishani hakutoshi. Andika barua, peleka nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa ofisi pamoja na tarehe ya kupokelewa. Ile yenye muhuri ndiyo shahidi wako. Mali bila daftari huisha bila habari, na haki pia ni vivyo hivyo.

Hatua ya pili ni daftari la siku 14. Chukueni daftari la mtoto wa shule. Kila siku mlezi, au mtoto anayejua kuandika, aandike: leo ameamshwa saa ngapi, nani alimlisha na ilichukua muda gani, alibadilishwa nguo mara ngapi, usiku aligeuzwa mara ngapi, alipata kifafa au la, na ni kazi gani mlezi hakwenda kwa sababu yake. Msiongeze wala msipunguze. Siku njema iandikwe kuwa njema. Daftari la kweli lina siku njema na siku mbaya, na afisa mwenye uzoefu atatambua lile la kubuni.

Hatua ya tatu ni kukusanya karatasi: kitambulisho cha mgonjwa na cha mlezi, au cheti cha kuzaliwa kama ni mtoto, kadi za kliniki za zamani, fomu ya daktari, na barua ya chifu au msaidizi wake inayosema mnaishi pale. Toeni nakala za kila kitu. Karatasi halisi ibaki nyumbani mahali pakavu.

Hatua ya nne ni barua ya kupinga. Tutawasomea mfano sasa hivi.

Hatua ya tano ni kufuatilia kwa ngazi. Anzeni na kamati ya walengwa katika lokesheni na ofisi ya chifu. Pasipo jibu, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, halafu wa kaunti. Ipo pia nambari ya simu ya bure ya mpango huu, 1533. Mkipiga, andikeni tarehe na jina la aliyewajibu. Bado kimya? Iko Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ambayo kazi yake ni kusikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Mahakama iwe ngazi ya mwisho. Msiruke ngazi, kwa maana kila mtakapofika mtaulizwa, "Pale chini walisema nini?"

Barua yenyewe

Barua haihitaji Kiingereza wala maneno makubwa. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Inatosha hivi:

"Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii. Mimi ni (jina), nambari ya kitambulisho (nambari). Ninaandika kwa niaba ya ndugu yangu (jina), ambaye hawezi kuandika wala kusafiri mwenyewe. Tarehe (tarehe) tuliambiwa hakukubaliwa katika mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa. Tunaomba uamuzi huo uangaliwe tena kwa sababu zifuatazo. Moja, fomu inasema anakula mwenyewe. Ukweli ni kwamba analishwa kila mlo, na daftari letu la siku 14 tumeliambatisha. Mbili, fomu inasema tuna ng'ombe. Ng'ombe huyo ni mali ya kikundi, na kumbukumbu za mkutano tumeziambatisha. Tunaomba afisa aje nyumbani ajionee, na tunaomba jibu kwa maandishi. Wako mwaminifu."

Basi. Semeni uamuzi ni upi, kosa liko wapi, ushahidi ni upi, na mnaomba nini. Msimtukane mtu. Aliyeisoma fomu ile hakuwahi kufika kwenu. Aliona neno "anaweza" akaamini.

Kilichotokea kwa Mama

Tulipomsomea Mama barua, alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mnataka nitangaze kwamba mtoto wangu ni mzigo?" Swali hilo lilituchoma, kwa sababu sisi tulikuwa tumefikiria karatasi tu.

Yule kaka ndiye aliyepata njia. Alisema, "Mama, hatujamuuliza mwenyewe." Akachuchumaa mbele ya ndugu yake, akamweleza yote: kwamba wageni watakuja tena, kwamba itabidi kusemwa mbele yake mambo ya choo na ya kulishwa, kwamba hayo si kumdharau. Kijana alijibu kwa maneno yake. Kaka akacheka, akatutafsiria: "Anasema tuseme ukweli, hata yeye amechoka na shati la wageni."

Siku ya pili ya wageni Mama hakuamka saa kumi kumpamba. Hakumchafua wala hakuficha kitu. Aliendelea na kazi zake kama kawaida, na wageni wakamkuta anamlisha uji. Kikombe kimoja kilichukua karibu nusu saa. Walipouliza, "Anaweza kula mwenyewe?" Mama akajibu, "Hapana. Nisipokuwepo, halali amekula." Na katibu wa kikundi alikuwepo na kitabu cha kumbukumbu. Akafungua ukurasa wa siku waliyonunua mtamba, wenye majina, sahihi na kiasi alichotoa kila mwanachama. Jambo la ng'ombe likaisha hapo hapo.

Je, alilipwa siku iliyofuata? Hapana. Taarifa zilirekebishwa, kisha wakangoja miezi mingi kabla ya jina kuingia. Ni lazima tuwaambie ukweli huu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu, wa miaka mitano na zaidi. Kufikia mwaka 2018 mpango huu ulikuwa na nafasi za kaya kama 47,000 tu nchi nzima. Nafasi zimeongezwa baadaye, lakini mtu anaweza kustahili kabisa na bado akangoja. Kushinda hoja na kupata pesa si jambo moja. Lakini asiyerekebisha fomu yake hata kwenye foleni hayumo.

Leo Mama anapokea. Shilingi 2,000 hazimalizi nepi na sabuni za mwezi. Lakini anasema kitu kimoja kimebadilika: hapangi tena maneno akiulizwa hali ya mwanawe. Anaisema kama ilivyo, na kijana anasikiliza bila kuinamisha kichwa.

Kwa wale wenye watu kwenye mashamba ya maua

Hapa Timau wengi tuna binti au kijana kwenye mashamba ya maua. Mtu akiumia kazini na kubaki na ulemavu, mlango ni mwingine kabisa. Unaongozwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ile watu wanaiita WIBA. Dai linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, na linaweza kupelekwa kwa niaba ya aliyeumia. Linakwenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si moja kwa moja mahakamani. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo mwezi wa Desemba mwaka 2019. Ulemavu wa kudumu na kamili unahesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Ulemavu wa sehemu ya mwili hupewa asilimia, na hapo ndipo watu wengi hawaridhiki.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuandika pingamizi. Yeye anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Siku hizo zihesabuni kwenye kalenda ya ukutani, mzitie alama kwa kalamu nyekundu. Tumeona watu wenye haki wazi wakichelewa kwa sababu walikuwa wakingoja mtu fulani "awasaidie".

Na juu ya mtu fulani huyo: kuandikishwa katika Inua Jamii hakulipiwi. Anayedai "kitu kidogo cha kusukuma faili" anakula pesa ya mgonjwa. Nambari ya siri ya simu au ya benki asipewe mtu yeyote, hata awe jamaa.

Kazi ya kikundi

Ndugu zetu, katika habari hii mlezi alikuwa mmoja, lakini kilichomsaidia ni kitabu cha kikundi. Kama katibu angekuwa mtu wa kuandika kwenye vipande vya karatasi, yule ng'ombe angebaki kuwa wa Mama mpaka leo. Kwa hiyo andikeni mali ya kikundi ni nini, na iko kwa nani kwa zamu. Chagueni wanachama wawili, mmoja ajue kuandika barua, mwingine awe wa kusindikiza familia ofisini. Wekeni akiba ndogo ya nauli na nakala. Na siku mlezi anapokwenda ofisini, mtu wa kikundi abaki na mgonjwa. Wengi hawafuatilii haki si kwa uvivu, ni kwa sababu hakuna wa kumwachia mtu wao.

Mwisho, tunarudi pale tulipoanza. Ukiambiwa hapana, uliza kwa heshima: kwa sababu gani? Kama sababu ni ya kweli, utajua. Kama si ya kweli, unayo kalamu, unalo daftari, na unao wenzako.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ambazo hatujazitembelea mwaka huu?

2. Kwa nini Mama alisema "anaweza"? Sisi tungejibu vipi, na tungemuuliza nani kwanza?

3. Vitabu vyetu vya kumbukumbu vinaonyesha wazi mali ya kikundi na mali ya mwanachama?

4. Nani kati yetu ataandika barua ya kwanza, na nani atabaki na mgonjwa siku hiyo?